Jibu: Obama alipitaje bila kupingwa mwaka 1996?

Mkuu, umeuliza ilikuwaje Obama akaingia Seneti ya jimbo la Illinois bila mpinzani ndani ya chama chake. Siri ni saini. Kila mgombea wa wilaya ile ya Chicago alitakiwa kuleta saini 757 za wapiga kura wa eneo husika ili jina lake liwekwe kwenye karatasi ya kura. Watu wa Obama wakakaa na karatasi za saini za wapinzani, wakilinganisha jina kwa jina na daftari la wapiga kura: huyu hakujiandikisha, huyu anaishi nje ya wilaya. Wapinzani wote wanne wakatoka kinyang'anyironi, akiwemo Alice Palmer aliyekuwa akikishikilia kiti hicho. Kisheria ilikuwa sawa, ila binafsi inaniuma, maana wapiga kura walinyimwa nafasi ya kuchagua.

Akachaguliwa tena 1998 na 2002. Katikati, mwaka 2000, aliutaka ubunge wa taifa, Bobby Rush, aliyekuwa mbunge tayari, akamgaragaza kwenye kura za maoni za chama. Kazi ya Obama niipendayo zaidi kule Illinois ni sheria ya 2003 inayotaka polisi warekodi mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji. Novemba 2004 akajiuzulu kwenda Seneti ya Marekani.