Kitafsiri cha Mfukoni na Karatasi za Kifaransa: Kwa Wanaoanza Kazi ya Mizigo Kigoma

Anayeanza kazi katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Kigoma hushangaa akiambiwa ajifunze Kifaransa. Mfanyabiashara kutoka Kalemie au Uvira, miji ya Kongo, akishuka bandarini huongea Kiswahili bila kukwama, na yule wa Bujumbura naye hakosi maneno ya kutosha kununua na kuuza. Lakini karatasi anazokuja nazo hazizungumzi Kiswahili. Ankara, orodha ya vifurushi na hati za forodha kutoka ng'ambo ya ziwa huja kwa Kifaransa, na mgogoro ukizuka kinachosomwa ni karatasi, si maneno mliyoambiana mkinywa chai.

Mimi nilianza na kitafsiri cha mfukoni, kimashine chenye kioo kidogo, vitufe na spika, nilichonunua kwa mtu aliyekwisha kukitumia. Kimenisaidia sana, nami sitamzuia mtu kununua chake. Ninachotaka kumweleza mgeni ni mahali ambapo kifaa hiki hupotosha, maana hakionyeshi dalili yoyote ya mashaka: jibu sahihi na jibu la ovyo hutokea kwenye kioo kwa herufi zilezile.

Changu hakina Kiswahili ndani yake. Hivyo unaanza na wazo la Kiswahili, unalipitisha kwenye Kiingereza, ndipo upate Kifaransa, na katika kila kivuko kuna kitu kinachoweza kudondoka majini. Siku moja nilitaka kuandika kwamba sili ya kontena, yaani kifungo kinachoonyesha kwamba halijafunguliwa, imefika ikiwa nzima. Neno la Kiingereza nililobonyeza, seal, lina maana zaidi ya moja, kitafsiri kikatanguliza phoque, nami nikaandika hivyo. Karani wa Kikongo aliyeipokea taarifa ile alicheka hadi akaketi, kwa sababu nilikuwa nimethibitisha, kwa saini yangu, kwamba mnyama wa baharini mwenye ndevu na mapezi amewasili Kigoma akiwa salama. Neno nililolihitaji lilikuwa scellé, au plomb kwa sili ya risasi. Tangu siku hiyo sikubali jibu kabla ya kulirudisha: nachukua neno la Kifaransa nililopewa, naliingiza upande wa Kifaransa, natazama linarejea na maana gani. Kazi hiyo haimalizi hata nusu dakika.

Kosa jingine si la mashine bali la kidole. Samaki ni poisson na sumu ni poison. Tofauti yake katika maandishi ni herufi moja tu. Katika mji unaouza dagaa wakavu kama huu, nadhani sihitaji kueleza ni nini kinaweza kutokea pale ambapo orodha ya vifurushi inasomeka kwamba magunia yamejaa sumu iliyokaushwa. Alama za juu ya herufi nazo zisidharauliwe, kwani pêche ni uvuvi na péché ni dhambi. Na dagaa wenyewe usiwatafute kwenye kitafsiri, kitakupa sardine. Warundi huwaita ndagala, na mnunuzi atakuelewa mara moja.

Mahali ambapo kifaa hiki kinastahili sifa ni kwenye sauti. Sikio la Mswahili halina nafasi ya irabu ile ya Kifaransa inayotamkwa kwa kubana midomo kama ya "u" huku ulimi ukiwa kwenye "i", hivyo dessus, yaani juu, na dessous, yaani chini, kwetu husikika kama neno moja. Fikiria unamwelekeza mtu mahali pa kupanga maboksi ya vioo. Nilikaa jioni nyingi nikibonyeza maneno hayo mawili kwa kupokezana, na spika haikuchoka wala kunicheka, uvumilivu ambao mwalimu wa kibinadamu asingekuwa nao.

Tarakimu zinataka uangalifu wa pekee. Kitafsiri kitakufundisha kwamba 70 ni soixante-dix, yaani sitini na kumi, na 90 ni quatre-vingt-dix, yaani ishirini mara nne na kumi. Hicho ni Kifaransa cha Ufaransa. Kongo na Burundi zilitawaliwa na Wabelgiji, na huko utasikia septante na nonante, ambazo kwa kweli ni rahisi zaidi, ila zitakushtua kama hukuandaliwa. Kwenye maandishi, mkato na nukta hubadilishana kazi: 12,500 kwa macho ya Mtanzania ni elfu kumi na mbili na mia tano, lakini kwenye karatasi ya Kifaransa ni kumi na mbili na nusu. Tafsiri ya maneno inaweza kuwa sahihi yote na uzito wa mzigo ukawa umekosewa mara elfu moja.

Kosa lililonigharimu zaidi lilikuwa la saa. Nilimwandikia mteja kwamba mzigo wake ungekaguliwa saa nne asubuhi. Nikabonyeza nne, nikapata quatre, nikaandika à quatre heures. Kwa kuwa hakuna ofisi inayofunguliwa saa kumi alfajiri, yeye alielewa saa kumi jioni, akafika wakaguzi wamekwisha kuondoka, na gharama ya ghala ya siku ya pili tukailipa sisi. Saa nne yetu ni dix heures. Tena Kalemie, Uvira na Bujumbura saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, kwa hiyo siku hizi huongeza maneno heure de Kigoma, hata kama msomaji ataniona mtu wa kusisitiza mno.

Mashine pia hupenda kukupa neno la Kifaransa "tu", yaani wewe wa mazoea, pale panapotakiwa vous, wewe wa heshima. Kwa mteja, na kwa yeyote ambaye kwa Kiswahili ungemwamkia shikamoo, tumia vous.

Kuhusu namna ya kujifunza yenyewe, kisia kwanza, ndipo ubonyeze. Soma mstari mzima, andika pembeni kwa penseli unachodhani maana yake, kisha ukiulize kifaa. Nilipokutana na connaissement mara ya kwanza niliona ndani yake kitenzi connaître, kujua, nikaandika "ujuzi" kwa kujiamini kabisa. Kumbe ni hati ya shehena ya meli, karatasi ninayoishika karibu kila wiki. Neno hilo sijalitafuta tena, ilhali yapo mengine niliyoyabonyeza bila kukisia, na asubuhi hii tu nimeyabonyeza tena.