Maswali na Majibu: Kifungu cha Usuluhishi Ulikisaini Mwenyewe

Nimeshtakiwa mahakamani, ilhali mkataba wetu unataka migogoro iende kwa msuluhishi, yaani mtu tunayemchagua aamue badala ya jaji. Nifanyeje?

Iombe mahakama isimamishe shauri, tena kabla hujajibu madai yenyewe. Chini ya Sheria ya Mfano ya Umoja wa Mataifa ya 1985 kuhusu usuluhishi, iliyofuatwa na nchi nyingi, ukishawasilisha utetezi umechelewa. Wala usikae kimya ukidhani kifungu kitakutetea. Hukumu ya upande mmoja itakukuta nyumbani.

Msuluhishi amekosea sheria. Nikate rufaa wapi?

Swali hili naletewa kila mara, na daima baada ya tuzo, yaani uamuzi wa msuluhishi, kutoka! Kwa kawaida hakuna rufaa. Mahakama hutengua tuzo kwa sababu chache, kama hizi: hukupewa taarifa, hukupewa nafasi ya kujieleza, msuluhishi aliamua jambo asilokabidhiwa, au tuzo inakiuka misingi ya umma, yaani misingi mikuu ya haki na maadili ya nchi. Kutoridhika si sababu. Sheria ya Mfano inakupa miezi 3 tu tangu upokee tuzo kuomba itenguliwe.

Je, usuluhishi ni nafuu kuliko mahakama?

Si lazima. Jaji analipwa na serikali. Msuluhishi mnamlipa nyinyi, na ukumbi pia. Wakiwa watatu, ada ni tatu. Kwa deni dogo, jaribuni upatanishi kwanza: mtu wa kati anawasaidia mkubaliane, haamui yeye.

Mdaiwa wangu ana mali nchi nyingine.

Basi umefanya vizuri kuchagua usuluhishi. Mkataba wa New York wa 1958 unazibana nchi zaidi ya 170 kuzitambua tuzo za nje. Hukumu za mahakama hazina mkataba mpana kiasi hicho.

Kesi ya wizi je, msuluhishi anaweza kuiamua?

Hapana. Jinai ni ya mahakama.

Kifungu chetu kinasema: "Mgogoro utatatuliwa kwa usuluhishi kwa utaratibu utakaokubaliwa baadaye." Kinatosha?

Baadaye lini, mkiwa hamsalimiani? Hapo ndipo watu wanapoumia. Andikeni sasa: makao ya usuluhishi, maana ndiyo huamua mahakama ipi itausimamia, idadi ya wasuluhishi na nani atawateua mkishindwana, kanuni za kuendesha usuluhishi, lugha, na sheria itakayotawala mkataba. Msinakili kifungu cha mkataba wa watu wengine. Na ukikuta kinampa mwenzako peke yake haki ya kumteua msuluhishi, kataa kusaini mpaka kibadilishwe.