Kabla hujaweka simu mezani kwa bibi: niliyojifunza kwa Ramanujan

Nyie mnaoanza kuzunguka na simu mkirekodi hadithi za wazee, karibuni sana, ila ngoja kwanza niwaambie nilivyochemka. Mwaka wa kwanza nilikuwa nafika kwa mtu, salamu mbili tatu, naweka simu mezani, haya bibi tuhadithie. Bibi anakaa sawa, anarekebisha mtandio, anaanza kuongea kama yuko redioni, dakika 3 hadithi imeisha, haina chumvi wala nini. Nikajua huyu hana kitu. Kumbe wakati naaga, simu iko mfukoni, mjukuu kagoma kula uji, ndo nasikia bibi anamhadithia ile ile ili ameze, sauti ya fisi ipo, wimbo upo, yaani nilitaka kulia.

Aliyenielewesha nilikosea wapi ni A. K. Ramanujan, mshairi na mkusanyaji wa hadithi. Alizaliwa Mysore, kusini mwa India, 1929, akafariki Chicago 1993, ambako alifundisha chuo kikuu miaka 30 hivi. Kwao lugha zilikuwa tatu, chini kwa mama Kitamil, ghorofani kwa baba mwanahisabati Kiingereza, ukitoka mtaani Kikannada. Wengi wanamjua kwa mashairi na tafsiri, na mashairi ya Kikannada aliandika pia, lakini mimi nampendea hadithi, alizoanza kuziokota miaka ya 50 akiwa bado mwalimu kijana wa Kiingereza huko Belgaum.

Sasa sikia. Yeye anasema hadithi ya jikoni na hadithi ya hadharani ni vitu viwili. Ya jikoni wanahadithia wanawake, watoto wanalishwa wali jioni huku wanasimuliwa wasisinzie, na humo watu hawana majina, ni mfalme mmoja, binti mmoja, basi. Ikitoka nje ikashikwa na msimuliaji wa kazi, mwenye ngoma na hadhira, ndo majina yanaingia, mji unatajwa, inarefuka. Kwa hiyo ukimtoa bibi jikoni ukamkalisha sebuleni na mgeni, umeshaibadilisha hadithi kabla hajafungua mdomo. Nenda wakati wa kupika, omba mchele uchambue.

Kingine, ukisikia hadithi uliyonayo tayari usizime simu ukasema hii ninayo. Ile ya binti anayegeuka mti wa maua Ramanujan aliikusanya kwa wasimuliaji tofauti kwa miaka mingi. Na andika nani kahadithia, wapi, kwa lugha gani, siku hiyo hiyo, maana kesho faili zote zinaitwa rekodi 1 rekodi 2 na hujui lolote (mimi ninazo 11 za hivyo, aibu tupu).

Halafu kuna hadithi moja ya Kikannada aliyoitoa kwenye kitabu chake cha 1991 cha hadithi za India kutoka lugha 22, hiyo muibebe. Mwanamke alijua hadithi moja na wimbo mmoja, hakumwambia mtu. Vikachoka kufungiwa humo. Siku moja kalala mdomo wazi, hadithi ikatoka ikageuka viatu mlangoni, wimbo ukawa koti la kiume ukutani. Mume anarudi, hivi viatu vya nani, koti la nani? Mke hajui. Ugomvi, mume kachukua blanketi kaenda kulala hekalu la Hanuman, yule mungu-nyani wa Wahindu. Usiku ndimi za moto za taa zote za mji zikishazimwa zinakusanyika pale kupiga umbea, moja ikachelewa, kuulizwa ikasema kwetu leo walikuwa wanagombana, ikaeleza na sababu yote. Mume akarudi mbio kumuuliza mkewe, hebu nipe huo wimbo na hiyo hadithi. Mke akasema, hadithi gani? Wimbo gani? Kashasahau vyote.

Kwa bibi yule nilirudi mwezi uliofuata, sikuitoa simu mpaka saa nzima imepita, nachambua maharage tu. Akahadithia mwenyewe, anasonga ugali. Kwenye rekodi mwiko unagonga sufuria, mtoto analia, jirani anapita anauliza chumvi, kuna mtu kaniambia niisafishe kwenye programu, nimekataa.