Kabla ya kumpeleka mgonjwa wa saratani ya mapafu India, tangulizeni kinyama

Familia nyingi hapa Dar es Salaam zikishaambiwa mgonjwa wao ana saratani ya mapafu iliyosambaa, neno la kwanza kutamkwa kikaoni ni India. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, michango inaanza, kiwanja cha Mkuranga kinatafutiwa mteja. Upendo huo ni wa kweli na tunauheshimu. Tatizo ni mpangilio. Mgonjwa anapandishwa ndege akiwa dhaifu, anafika anaanza upya vipimo ambavyo vingefanyika yeye akiwa amelala nyumbani kwake Tabata, na fedha inaishia kwenye vyumba na vipimo kabla dawa yenyewe haijanunuliwa.

Ushauri wetu ni kwamba kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachochukuliwa kwa vipimo, kitangulie na mgonjwa afuate, tena afuate pale tu majibu yanapoonyesha kuna tiba ya kuifuata huko.

Kinyama kinabeba uamuzi wote

Takriban wagonjwa 85 katika kila 100 wa saratani ya mapafu wana ile isiyo ya seli ndogo, na humo ndimo tiba mpya nyingi zilimo. Maabara inatafuta mabadiliko katika vinasaba vya uvimbe wenyewe: EGFR, ALK, ROS1, BRAF, RET, MET na vingine vichache. Mwenye EGFR ya aina ya kawaida anaweza kutibiwa kwa osimertinib, kidonge kimoja cha miligramu 80 kwa siku, anakimeza nyumbani. Mwenye ALK anaweza kupewa alectinib, miligramu 600 asubuhi na 600 jioni pamoja na chakula. Asiye na mabadiliko hayo anaangaliwa kiwango cha PD-L1, protini iliyo juu ya seli za saratani. Kikiwa asilimia 50 au zaidi, dawa ya kuamsha kinga kama pembrolizumab inaweza kutumika peke yake, dripu kila baada ya wiki 3 au 6. Kikiwa chini ya hapo, mara nyingi huchanganywa na kemo, zile dawa za kuua seli za saratani.

Hakuna hata kimoja katika vipimo hivyo kinachotaka mgonjwa awepo. Kinachotakiwa ni bloku, yaani kinyama kilichogandishwa ndani ya nta ya parafini na kuhifadhiwa kwenye maabara ya patholojia. Bloku inasafiri kwa kampuni ya vifurushi, na majibu ya vinasaba kwa kawaida yanachukua wiki mbili hadi tatu. Wiki hizo mgonjwa azitumie kutolewa maji kifuani, kudhibitiwa maumivu na kula.

Kinyama chenyewe huharibika kwa sababu ndogondogo. Kabla ya kuchukuliwa, mwambieni daktari wazi kwamba mnataka vipande vya kutosha kwa vipimo vya vinasaba. Sindano nene inayotoa vipande ni bora kuliko ile nyembamba inayofyonza seli chache. Kipande kiingie mara moja kwenye fomalini (dawa ya maji ya kuhifadhia kinyama) ya asilimia 10, ujazo wa fomalini uwe kama mara kumi ya kinyama, na kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kikichukuliwa Alhamisi kuelekea sikukuu, kikasahaulika kwenye kikopo hadi wiki inayofuata, vinasaba vinakatikakatika na maabara itajibu kwamba sampuli haifai. Kikitoka kwenye mfupa, ulizeni mapema watakavyoulainisha, kwa sababu asidi inayotumika mara nyingi kulainisha mifupa huharibu vinasaba vilevile. Mgonjwa mwenye maji kifuani ana bahati moja: maji hayo yanaweza kuchujwa na kutengenezewa bloku. Msikubali yamwagwe.

Kuipata bloku, andikeni barua ya maombi kwa maabara iliyoisoma, mkiambatanisha nakala ya majibu na kitambulisho. Msiitoe yote ikiwa maabara inaweza kukata slaidi, yaani vipande vyembamba sana juu ya vioo. Slaidi 10 hadi 15 zisizopakwa rangi, zenye unene wa mikroni 4 au 5, mara nyingi zinatosha, na bloku inabaki kama akiba. Mkiikabidhiwa bloku, msiiache kwenye dashibodi ya gari mchana. Parafini huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto hamsini na kitu, na gari lililofungwa vioo juani Kariakoo linaweza kufika huko. Iwekeni kwenye kiboksi kigumu, ndani ya mkoba wa mtu mzima mmoja anayejulikana.

Angalieni pia majina. Faili la hospitali lina majina mawili, pasipoti ina matatu, kwenye lebo ya bloku karani ameandika jina la nyumbani. Maabara ya nje itaikataa sampuli, na baadaye ubalozi utauliza. Sahihisheni hapa hapa, mkianzia na pasipoti, vingine vyote viifuate.

Sampuli ikiwa haitoshi, kuna kipimo cha damu kinachotafuta vinasaba vya saratani vinavyoelea humo. Kikikuta kitu, ni cha kuaminika. Kisipokuta, hakijathibitisha kwamba hakuna.

Jambo moja hukosewa kwa sababu ya haraka. Dawa ya kuamsha kinga isianzishwe kabla ya majibu ya EGFR na ALK kurudi, kama hali ya mgonjwa inaruhusu kusubiri. Akishapewa dripu hiyo kisha ikaonekana anahitaji osimertinib, hatari ya mapafu kuvimba vibaya inaongezeka. Asiyeweza kusubiri huanzishiwa kemo ya kawaida kwanza. Dawa zake, kama carboplatin na paclitaxel, haziko ng'ambo tu. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road inatoa kemo na mionzi, na kwa saratani ya seli ndogo, ambayo msingi wake ni carboplatin na etoposide, safari hubadilisha mambo machache kuliko familia zinavyotarajia.

Swali la kumuuliza bingwa

Mkikaa na daktari bingwa wa saratani, iwe Ocean Road, Muhimbili au Aga Khan, ulizeni hivi: "Daktari, tukienda huko, mgonjwa atafanyiwa nini ambacho hapa hakipo?" Jibu linalostahili tiketi lina jina ndani yake: dawa fulani, mionzi ya kulenga uvimbe wa kichwani, upasuaji wa uti wa mgongo unaobanwa na uvimbe. Jibu la "kuna wataalamu zaidi" linatosha kwa kutuma faili na kuomba maoni ya pili, halitoshi kwa kupanda ndege. Hospitali kubwa za India, ikiwemo Tata Memorial ya Mumbai, zimezoea kupokea mafaili ya wagonjwa wa nchi nyingine. Ulizeni pia kuhusu rufaa ya nje kupitia Wizara ya Afya kabla ya kujisafirisha. Anayeondoka kwanza ndipo adai baadaye anajipa kazi ngumu.

Faili linalotumwa liwe na picha zenyewe za CT katika CD au flashi, za mfumo wa DICOM unaosomwa na kompyuta za hospitali, siyo picha za simu zilizopigwa kwenye filamu iliyoinuliwa dirishani. Fungueni CD hiyo kwenye kompyuta kabla ya kutoka kituoni. Wakati mwingine huwa tupu au ina picha za mtu mwingine. Ongezeni MRI ya kichwa, maana saratani hii hupenda kupanda kwenye ubongo bila dalili, na kemo yoyote aliyokwisha kupata, kwa dozi na tarehe.

Watu wa kati ni wengi. Wapo wanaosaidia kweli, lakini makadirio ya gharama yatoke hospitalini moja kwa moja, kwenye karatasi yenye nembo, yakitaja kilichomo na kisichomo. Ulizeni hasa: je, bei hii ina dawa ndani yake, au ni kitanda na daktari tu?

Hesabu inaanzia kwenye dawa ya kila mwezi

Kamati za michango hukusanya fedha ya safari. Zianze upande wa pili. Vidonge vya aina hii humezwa kila siku kwa muda wote vinapofanya kazi, na muda huo unaweza kuwa miezi mingi au miaka. Chukueni bei ya vidonge 30, zidisheni kwa miezi 12, kisha ndipo mtazame tiketi. Familia iliyomaliza kila kitu Mumbai na kurudi na dawa ya miezi miwili haijamsaidia mgonjwa wake, kwa sababu akiikatisha, ugonjwa unaweza kurudi kwa kasi. Mkiona haiwezekani, mwambieni bingwa bila aibu. Gefitinib na erlotinib ni dawa za zamani kidogo za EGFR, zina matoleo ya bei nafuu, na zinamfaa mgonjwa kuliko osimertinib ya miezi miwili. Dawa inayouzwa kwa ujumbe wa simu bila risiti wala namba ya toleo, achaneni nayo.

Malipo ya hospitali yapite benki kwenda kwenye akaunti ya hospitali yenyewe. Mkibeba taslimu, kumbukeni kwamba forodha ya India hudai tamko kwa noti za kigeni zinazozidi dola 5,000.

Viza, chanjo na ndege

Viza ya matibabu ya India huombwa mtandaoni kwa barua ya mwaliko wa hospitali. Ya kielektroniki hudumu siku 60, na wasindikizaji wawili wanaweza kuombewa pamoja na mgonjwa. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita na kurasa mbili tupu. Mgonjwa asiende kwa viza ya utalii, hata kama inatoka haraka.

Chanjo ya homa ya manjano, kama safari yenu inaidai, ina mtego. Ni chanjo hai, yenye virusi vilivyodhoofishwa, na aliye kwenye kemo au anayemeza dexamethasone nyingi, dawa inayoshusha kinga, hapaswi kuchomwa. Daktari anaandika sababu, na msamaha unaingizwa kwenye kadi ya njano. Wasindikizaji wachanjwe angalau siku 10 kabla ya safari, kwa kuwa cheti huanza kutambulika siku ya kumi.

Ndani ya ndege hewa inakuwa kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, wakati sisi wa Dar tumezoea usawa wa bahari. Pimeni oksijeni kwa kile kifaa cha kubana kidole, mgonjwa akiwa ametulia na haongezewi oksijeni. Ikiwa asilimia 95 au zaidi, kwa kawaida anaruka. Kati ya 92 na 95 bingwa aamue. Chini ya 92 anahitaji oksijeni ndani ya ndege, na hiyo huombwa shirika la ndege mapema kwa fomu ya daktari, siku tatu kabla au zaidi. Mtungi wa nyumbani hauruhusiwi kirahisi. Mashine ndogo ya kubebeka inakubaliwa ikiwa na kibali, na betri zake zitoshe mara moja na nusu ya muda wa safari. Mapafu yaliyotobolewa na kuvuja hewa hayapandi ndege mpaka picha ionyeshe yamejaa kabisa na wiki nzima ipite. Ndege ya moja kwa moja hadi Mumbai, ikipatikana, ni saa sita hivi, na kwa mgonjwa huyu inafaa kuliko ya bei rahisi yenye kusubiri usiku kucha Doha au Addis Ababa. Damu yake huganda kirahisi, kwa hiyo asimame na kukunja vifundo vya miguu kila saa, na daktari aamue kama anahitaji sindano ya kuzuia damu kuganda.

Mofini na tramadoli, dawa za maumivu makali, zibaki kwenye pakiti zake pamoja na barua ya daktari inayotaja jina la dawa, dozi na idadi. Mkipitia Dubai, Falme za Kiarabu zinataka kibali cha awali kwa dawa za aina hiyo.

Aliyedhoofika sana

Mgonjwa anayeshinda kitandani zaidi ya nusu ya siku mara nyingi huumizwa na kemo kuliko kusaidiwa, na safari humchosha zaidi. Hata hivyo kinyama chake kipimwe, kwa sababu akikutwa na EGFR au ALK, hata aliyedhoofika anaweza kuinuka kwa vidonge. Asipokutwa nayo, Ocean Road kuna tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso, na mofini ya kunywa, na kukaa karibu na watoto wake ni chaguo halali. Kikao cha familia kiseme pia, kwa sauti, itakuwaje akifia huko: kusafirisha mwili kunahitaji cheti cha kifo, kuhifadhiwa kwa dawa, barua ya ubalozi wetu New Delhi na fedha nyingi. Na aambiwe ugonjwa wake. Huko ng'ambo daktari atamweka yeye mbele na kumpa karatasi ya kusaini, na kulijua jina la ugonjwa kwa mkalimani ni vibaya.

Kurudi

Miadi na bingwa wa Dar ikatwe kabla ya kuondoka, siyo baada. Ombeni muhtasari wa matibabu wenye majina halisi ya dawa, na picha zote za DICOM, maana CT ya kila wiki 6 hadi 12 italinganishwa nazo.

Nyumbani hatari kubwa ni homa. Mgonjwa wa kemo akifika nyuzi 38, hasa kati ya siku ya 7 na 14 baada ya dripu, asipelekwe duka la dawa kununua mseto. Ni dharura ya hospitali, apimwe damu nzima pamoja na malaria, saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Anayemeza osimertinib amweleze daktari kabla ya kupewa dawa ya mseto, kwa sababu zote mbili zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Rifampisini ya kifua kikuu hushusha sana nguvu ya vidonge hivi, na wagonjwa wengi wa saratani ya mapafu hapa kwetu walianza kwa kutibiwa TB, hivyo kila dawa ya TB na ya ARV iandikwe kwenye faili. Omeprazoli nayo hupunguza erlotinib na gefitinib. Kikohozi kipya au kushindwa kupumua kwa anayetumia vidonge au dawa ya kinga kisisubiri miadi. Aende siku hiyo, na kwa wa dawa ya kinga tahadhari hiyo inaendelea miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho.