Kabla hamjachangishana kwenda India: mambo ya kujua kuhusu kupandikiza moyo

Mgonjwa wa Kigoma au Tabora akishaambiwa "moyo umetanuka", mara nyingi ukoo hufungua kundi la WhatsApp na mchango wa India unaanza siku hiyo hiyo. Upendo huo tunauheshimu. Tunachoomba ni kwamba hela isitangulie vipimo. Moyo hupandikizwa kwa mtu ambaye dawa zimemshinda, na wengi tunaowaona bado hawajazitumia ipasavyo.

Anzeni na eko, yaani kipimo cha moyo cha ultrasound. Mwombeni daktari awaandikie asilimia ya damu ambayo moyo unasukuma kila unapopiga. Moyo wenye afya husukuma asilimia 55 hadi 70. Ikiwa 40 au chini, misuli imechoka. Kisha ulizeni umechoshwa na nini. Presha ya miaka mingi? Valvu zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, ile inayofuata mafindofindo ya utotoni? Valvu hufanyiwa upasuaji hapa hapa nchini, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Na kama ni mama aliyejifungua karibuni, huenda moyo ukarudi kawaida ndani ya miezi sita kwa dawa tu.

Dawa zenyewe, kama enalaprili, karvediloli na spironolaktoni, huanzwa kwa dozi ndogo na kupandishwa polepole. Furosemaidi, kidonge cha kukojoza, huondoa maji tu. Hapa ndipo watu hukosea: miguu ikinywea, mgonjwa anaacha vyote, na mwezi unaofuata analala kwa mito mitatu. Eko irudiwe baada ya miezi mitatu ya dozi kamili. Hapo ndipo mtajua kama dawa zimeshindwa kweli.

Nyumbani nunueni mizani. Apime kila asubuhi, akishakojoa, kabla ya chai, na aandike kwenye daftari. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu, hayo ni maji. Aende hospitali kabla hajaanza kuhema. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, ikiwemo ile iliyo ndani ya samaki wa chumvi. Chumvi ya Uvinza, ingawa inatoka kwetu, haina nafuu kwa moyo kuliko nyingine. Diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa asiziguse. Huzuia figo kutoa maji na chumvi.

Tuje kwenye kupandikiza. Ndugu hawezi kujitolea moyo kama anavyojitolea figo, ambazo Muhimbili imekuwa ikipandikiza tangu 2017. Moyo hutoka kwa mtu ambaye ubongo wake umekufa huku mashine ikimpumulia. Kundi la damu na ukubwa wa mwili lazima viendane, na moyo ukishatolewa lazima upandikizwe ndani ya muda wa kama saa 4 tu. Kwa hiyo huwezi kuusubiri ukiwa Kasulu. Mgonjwa na msindikizaji wake hupanga chumba karibu na hospitali inayopandikiza, bila kujua ni miezi mingapi. India, moyo ukipatikana hupewa kwanza raia wao. Mgeni ni wa mwisho kwenye foleni. Pia presha ya mishipa ya mapafu hupimwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa wa damu. Ikiwa juu sana na haishuki kwa dawa, mgonjwa hukataliwa, kwa sababu upande wa kulia wa moyo mpya haujazoea mzigo huo na hushindwa mapema.

Mtu wa kwanza kupandikizwa moyo wa binadamu, Louis Washkansky, alifanyiwa upasuaji na Christiaan Barnard huko Cape Town, Desemba 1967. Aliishi siku 18 na kufa kwa nimonia, kwani dawa za kuzuia mwili usiukatae moyo zilikuwa zimeshusha kinga yake. Leo zaidi ya nusu huvuka miaka 10, lakini mtego ni ule ule. Takrolimusi, mojawapo ya dawa hizo za kuzuia mwili usiukatae moyo, humezwa kila baada ya saa 12 maisha yote, na kiwango chake hupimwa kwenye damu. Kabla ya kusafiri, ulizeni ni maabara gani itakayopima na dawa ya kila mwezi italipiwa na nani. Ukiruka dozi, mwili unaushambulia moyo. Ukizidisha, figo zinaumia. Homa ya nyuzi 38 si ya kusubiri asubuhi.

Jingine: neva za moyo hukatwa wakati wa upasuaji, hivyo mishipa yake ikiziba huenda kifua kisiume kabisa. Pumzi ikikata ghafla au miguu ikianza kuvimba, mpelekeni hospitali ya mkoa, Maweni (Kigoma) au Kitete (Tabora), usiku huo huo, na daftari la dawa mkononi.