Nankatai za Idi na watoto: kwa nini zinatandaa

Dada, umeuliza kwa nini nankatai zako zinatandaa kama chapati, na mtoto wako wa miaka miwili umpe kazi gani jikoni. Tatizo ni samli: ukiiyeyusha, donge linalegea na kumwagika kabla unga haujashika. Tumia samli iliyoganda.

Unga wa ngano gramu 250, samli 150, sukari ya unga 100, baking powder nusu kijiko cha chai, hiliki ya kusaga kijiko kimoja cha chai, chumvi kidogo. Piga samli na sukari hadi iwe nyeupe, ndipo utie vikavu. Usikande sana, zitakuwa ngumu. Donge likimeguka, ongeza samli kijiko kimoja. Usiongeze maziwa, yanaondoa ule ulaini wa kuyeyuka mdomoni.

Mkubwa wa miaka mitano afinyange vidonge vya gramu 20 (vinatoka kama 25). Mdogo abonyeze kila kidonge katikati kwa kidole gumba. Kazi hiyo anaiweza kabisa, na asinyang'anywe! Lozi nzima usiweke, inaweza kumkaba. Nyunyiza pistachio iliyosagwa. Donge bichi wasilambe hata kama halina yai, kwani unga mbichi nao huwa na vijidudu.

Weka trei kwenye friji dakika 20, kisha oka nyuzi 170 kwa dakika 15 hadi 18. Juu zibaki nyeupe, chini ziwe na rangi ya dhahabu. Kwa jiko la mkaa, moto mwingi uwe juu ya mfuniko, chini kidogo tu. Zikitoka ni laini, ziache dakika 10 kabla ya kuzigusa.