Maswali Yenu: Uingereza na Nafasi za Madaktari

Wengi mmeuliza kuhusu mpango wa Uingereza wa kuwatanguliza waliosomea udaktari kwao katika nafasi za mafunzo. Muswada wake uliwasilishwa bungeni huko Januari 2026.

Shikamoo daktari. Niko internship Kitete, najisomea PLAB, ule mtihani wa Uingereza kwa madaktari waliosomea nje. Niache? (Tabora)

Marahaba. PLAB inakupa usajili wa udaktari huko, na mpango huu haukuugusa. Unachogusa ni nafasi za mafunzo: miaka miwili ya mwanzo baada ya chuo, kisha ubingwa. Na hata kabla ya hapo hali ilikuwa ngumu: mwaka 2025 waombaji zaidi ya 30,000 waligombea nafasi za ubingwa kama 10,000. Ajira isiyo ya mafunzo unaweza kuipata. Utahudumia wodi na kulipwa, ila ubingwa unabaki pale pale. Awamu ya pili ya PLAB hufanyika Manchester, na nauli ni juu yako. Mimi hela hiyo ningeiweka kwenye maombi ya MMed, shahada ya ubingwa, Muhimbili au Bugando.

Mwanangu ana pasipoti ya Uingereza, anasoma udaktari Dar. Si atahesabiwa mwenyeji? (Mama, Kasulu)

Kwa ile miaka miwili ya mwanzo, hapana, mama. Wanaangalia chuo. Kijana wa Ujiji aliyesomea London atatangulia mbele ya mwanao. Waliosomea Ireland, Norwei, Uswisi, Iceland na Liechtenstein nao wamo.

Huu si ubaguzi? Miaka yote wametuchukulia madaktari! (Kigoma Mjini)

Mimi siuoni. Wamemsomesha mtu kwa kodi zao, halafu akose pa kuendelea? Hadi 2019 walikuwa na sharti la kutafuta kwanza daktari aliye nchini mwao. Walipowaondolea madaktari sharti hilo, foleni ikavimba. Kuhusu kuchukuliwa, Tanzania imo katika orodha ya WHO ya 2023 yenye nchi 55 ambazo hazitakiwi kuendewa kusombewa wahudumu wa afya. Lakini wewe mwenyewe ukiomba kazi, hukatazwi. Lawama zangu ziko hapa nyumbani: vijana wanamaliza internship wanakaa mtaani wakisubiri ajira, na wodi za wilayani zinalia hazina madaktari. Hilo halikuletwa na London.

Basi na sisi tuwatangulize waliosomea hapa? (Nzega)

Hapana. Wanaorudi kutoka China au Urusi wengi ni watoto wetu. Baraza la Madaktari Tanganyika liwapime. Wakifaulu, wapangiwe hospitali kama wenzao wa Muhimbili.